Malengo yangu ya kusoma fantasia mwaka huu: kitabu hakihesabiki mpaka nikisimulie

MwanaLeso (mwenye uzi)

Hamjambo wadau. Uzi mrefu huu, alo na haraka aruke aende kwenye vitabu huko chini.

Mwaka jana niliweka lengo la vitabu 60 nikafika 61. Usiku wa tarehe 31 Disemba niko kitandani kwetu Likoni nafunga cha mwisho, natia alama kwenye daftari, roho kunjufu, dadangu akaniuliza swali dogo tu, "katika vyote hivyo kipi kizuri na mie nisome?" Nkafungua daftari nimjibu. Wallahi kuna majina nlikuwa nayatazama kama yaloandikwa na mtu mwengine. Kuna mfululizo mzima wa vitabu vitatu niliumaliza mwezi wa tano na sikuweza kumwambia ulikwisha vipi, joka lilikuwepo, mfalme alikuwepo, basi. Iliniuma sana, manake fantasia, hadithi za uchawi na majoka na dunia za kubuni, mie naipenda toka nna miaka kumi na miwili, hela yangu ya ziada yote huenda huko, na kumbe nlikuwa nameza tu sitafuni.

Basi mwaka huu lengo ni 18. Sita lazima viwe vya Kiswahili, kimoja kiwe nlichokisoma zamani, na sharti kubwa ni hili: kitabu hakihesabiki mpaka nikisimulie kwa mdomo, kwa Kiswahili, toka mwanzo hadi mwisho bila kukishika, kwa mtu ambae hajakisoma. Mara nyingi mtu huyo ni bibi yangu. Bibi asili yake Faza, kisiwa cha Pate kule Lamu, kaolewa Mombasa tangu msichana, Kizungu hajui, na hadithi mbovu haivumilii hata dakika tano, atakukatiza akuulize "sasa huyo umemwacha wapi?" na kama hujui ulipomwacha umekwisha.

Kusoma nasoma kwenye feri asubuhi na jioni na dukani wakati hakuna mteja, nauza leso Biashara Street. Kusimulia ni Ijumaa na Jumapili baada ya magharibi, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi au anachagua mchele, mie nimeketi mkekani.

Mpaka sasa nimesoma 13, vilivyohesabika ni 11. Ntawaeleza vichache.

Nilianza na kile cha kurudia, A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, kilitoka 1968. Nilikisoma sekondari kikiwa hakina jalada. Dunia yake yote ni visiwa, watu wanakwenda kwa mashua, na mchawi hukodiwa na nahodha amwitie upepo kwenye tanga. Kijana anaitwa Ged, katoka kisiwa cha wachunga mbuzi, ana kipaji kikubwa na kiburi kikubwa zaidi, na kwa kushindana na mwenziwe akafungua mlango usiofunguliwa, kikatoka kivuli kikaanza kumwandama.

Nkafika kwenye upepo, bibi akasimamisha mkono. Akauliza, "huyo akiuvuta upepo uje hapa, si wa kule wataukosa?" Jamani. Hilo ndilo somo lenyewe la kitabu, walimu wa Roke, kisiwa chenye shule ya wachawi, wanamfundisha Ged kwamba mvua ukiileta kisiwa hiki huenda ikawa ukame kisiwa chengine, kwa hivyo mchawi mwenye akili hagusi kitu pasi na haja. Mie nilipokisoma shule nililipita hilo mbio nikimbilie majoka. Bibi aliyekulia kwenye kusi na kaskazi, babake akingoja msimu ugeuke ndio jahazi lirudi, alilifikia mwenyewe kabla sijalitaja.

Halafu yale majina. Kule kila kitu kina jina lake la kweli na anayelijua jina lako anakumiliki, hivyo watu wanalificha, wanatumia la kuitana tu. Bibi akaona ni jambo la kawaida kabisa. Akanambia ndio maana usiku ukiitwa huitikii mara ya kwanza, wangoja, hujui ni nani anayekuita. Mie nkakumbuka dukani, mteja hata rangi hajaiangalia vizuri ashauliza "hii ina jina gani?" manake leso ni jina, ua zuri lenye jina baya hulipeleki kwa wifi yako ukabaki na amani. Nimeuza leso miaka sita sikuwahi kuviweka pamoja vitu hivyo viwili. Siku hiyo nimesimulia masaa mawili na nusu, nazi ilikauka kwenye sahani.

Baharia_wa_Mtongwe

Dadangu umenigusa kwenye hiyo ya idadi. Mie mwaka jana 40, na nusu nilisikiliza kwa spidi mara mbili nikiendesha boda, sasa ukiniuliza ntakwambia nini. Lakini swali, vitabu vikubwa unasimuliaje? Mie niko The Wheel of Time, vitabu 14 vile, cha kwanza 1990 cha mwisho 2013, mwandishi mwenyewe Robert Jordan alifariki 2007 na Brandon Sanderson ndio akaandika vitatu vya mwisho kwa kufuata maandishi alowachiwa. Hapo bibi si ataketi mpaka Ramadhani ijayo?

MwanaLeso

Kaka huo mfululizo sijaugusa na mwaka huu siuweki, nangoja nipate mwaka mzima wa kuupa wenyewe. Lakini vikubwa husimulika, ndicho kitu kilichonishangaza. Kitabu kikiwa na uti wa mgongo hata kurasa 700 utazisimulia kwa usiku mmoja, wajua nani anataka nini na nani kamzuia. Kuna kimoja nimekishindwa, jina sitalitaja manake mwandishi wake bado mchanga na pengine kosa ni langu, kina ramani tatu mwanzoni na falme tisa, kila falme na miungu yake, nimekisoma wiki tatu kwa raha kabisa. Kufika mkekani nkaanza "hapo zamani paliondokea" na nkakwama hapo hapo, sikujua nimuondoshe nani. Nilikuwa nimependa nguo za watu, vyakula vyao, majengo yao, hadithi yenyewe haikuwepo. Hicho sikukihesabu. Ndicho kimoja katika vile viwili.

Sanderson nimesoma Mistborn cha kwanza, cha 2006, na hicho sikumpa bibi, nilimpa mtoto wa dadangu wa miaka tisa. Mbinguni kunanyesha majivu mchana na usiku, mtawala ameketi kwenye kiti miaka elfu, na kuna watu wakimeza madini wanaweza kuyachoma tumboni yakawapa nguvu, kila madini na kazi yake. Chuma cha pua unasukuma vyuma vilivyo mbali nawe, chuma cha kawaida unavivuta, bati unaona na kusikia kupita watu wote, shaba unajificha usijulikane kama una uchawi. Mtoto aliyapenda masharti yale kuliko vita. Kila siku akirudi madrasa ananitahini: nikiwa kwenye feri nikasukuma feri nini kitatokea? Nkamwambia kitu kizito kuliko wewe kikikataa kwenda basi wewe ndio utakayerushwa nyuma, na hivyo ndivyo kitabu kinavyosema kweli. Akatulia akafikiria. Halafu akanambia, "kwani Liyongo alipochomwa sindano ya shaba kitovuni, hakuweza kuichoma?"

Sikuwa na jibu. Nkakaa na swali hilo wiki nzima, na ndilo lililonipeleka kwenye Utendi wa Fumo Liyongo, ule alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu 1913. Liyongo nilimjua kwa kusikia tu kama nyinyi nyote. Kuusoma ubeti kwa ubeti ni kitu chengine. Mtu mrefu kama jitu, hauawi kwa silaha, gerezani mamake anamletea mkate wa makapi na ndani kuna tupa, nje watu wanaimba kwa matari na matoazi yeye anakata minyororo, sauti ya tupa inamezwa na ngoma. Na mwisho ule, mwanawe keshamchoma, yeye akenda kisimani akapiga goti akatia mshale kwenye uta akafa vivyo hivyo, na mji mzima ukakaa na kiu kwa siku kadhaa hakuna anayethubutu kusogea maji kwa kudhani yu hai anawalenga. Nionyesheni fantasia ya Kizungu yenye maiti inayozingira mji peke yake.

Kobe_wa_Bamburi

Samahani mie niulize kwa nia njema kabisa. Sisi watu wa pwani majini twajua wapo, wametajwa, sasa kuwafanya hadithi ya kuburudika si ni kucheza na kitu kisichochezewa? Mamangu hataki hata kuyasikia hayo mavitabu ndani ya nyumba.

MwanaLeso

Swali la haki na sitaki kulipita juu juu. Mie pia naamini wapo. Lakini hadithi za majini hazikuletwa juzi na Wazungu, kina bibi zetu walilala nazo. Chukua Shaaban Robert, hakuna atakayesema yule alikuwa mtu wa mchezo, lakini Adili na Nduguze ya 1952 ina jini anaitwa Huria, na ndugu wawili wa Adili kwa uhasidi wao wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa awapige kila usiku hali moyo unamwuma. Nilipomsimulia bibi hicho (ni cha tano kwenye hesabu yangu) alilia pale Adili anapowalisha manyani wale mezani pamoja nae, kwa heshima kama ndugu zake, baada ya kuwapiga. Hakulia kwa sababu ya jini. Alilia kwa sababu ana ndugu yake hawajasemezana toka zamani, jambo la nyumba, sitaliingia zaidi. Kwa hivyo mie naona jini kwenye hadithi ni mlango tu, unaingia unakuta watu. Mamako akikataa muheshimu, soma vyengine, kuna fantasia tele isiyo na jini hata mmoja.

Na yake Kusadikika, 1951, nchi iliyo juu angani, wajumbe wanatumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, kila mmoja anarudi na habari njema ya kuijenga nchi na anatiwa gerezani kwa hiyo habari. Shule tulifundishwa siasa yake tu, maswali ya mtihani, "eleza maudhui". Hakuna aliyetwambia tufumbe macho tuione nchi inayoning'inia hewani. Irudieni kama fantasia mtaona.

Shosti_wa_Tudor

Mpenzi nasubiri useme ile ya Mombasa yetu na husemi!!

MwanaLeso

Nilikuwa naiweka hiyo makusudi. The House of Rust, cha Khadija Abdalla Bajaber, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, kilitoka 2021. Mswada wake ndio ulioshinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya wachapishaji Graywolf wa Marekani, halafu 2022 kikashinda tuzo ya Ursula K. Le Guin, mwaka wa kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Yaani yule mama aliyetunga dunia ya visiwa na mashua na majina ya kweli, tuzo ya jina lake ilipotolewa mara ya kwanza ilikuja kwenye kisiwa hiki. Nilipojua hilo nilikuwa kwenye feri nimesimama kwenye reli, sikujizuia, nkamgeukia mama mmoja alobeba kapu la maembe nkamwambia. Akasema mashallah.

Hadithi ni ya msichana Aisha, babake mvuvi, mtu wa asili ya Hadhramaut, kaenda baharini hakurudi. Aisha anamfuata kwa mashua ya mifupa, pamoja na paka wa maneno mengi, na baharini wanakutana na vitu ambavyo sitawatajia. Kimeandikwa Kizungu lakini Kizungu chake kina Mombasa ndani, na pole pole, si kitabu cha kukimbia nacho. Nusu ya pili watu wengine wanailalamikia, manake baharini pameisha amerudi mjini na bibi yake anataka aolewe na kunguru wanaongea, wanasema imepoa. Mie nasema nusu ya pili ndiyo yenye uchungu. Kurudi nyumbani ukiwa umeona yale, uketi utandike meza, uambiwe uchague mume, hapo ndipo pagumu kuliko baharini.

Nimemsimulia bibi mara mbili kwa ombi lake. Paka kuongea hakumshangaza, kunguru ndio kabisa, alitazama mnazi wa jirani akasema "hao wanajua kila jambo la mtaa huu." Alichogombana nacho ni Aisha kuondoka. Mara ya kwanza alisema mtoto wa kike hatoki usiku akaenda baharini. Mara ya pili, tulipofika pale pale, akanyamaza, akakuna nazi kidogo, akasema, "mie babangu alipochelewa kaskazi moja, nilikwenda mpaka ufuoni nkarudi." Nimeishi nae maisha yangu yote sijawahi kulisikia hilo.

Baharia_wa_Mtongwe

Hiyo natafuta leo leo. Na vya safari za bahari vyengine?

MwanaLeso

The Adventures of Amina al-Sirafi, Shannon Chakraborty, 2023. Bahari ni hii yetu, karne ya 12, nahodha mwanamke aliyekuwa haramia kastaafu, ana binti, anakaa na mamake, magoti yanamuuma, halafu anakuja mama tajiri kutoka Aden kumtaka akamtafute mjukuu wake alochukuliwa na Mfaranji, yaani Mzungu. Anakusanya mabaharia wake wa zamani mmoja mmoja. Kina vichekesho, kina mbio, na swala haimpiti hivi hivi, anaijali, anakosea, anatubu. Kwenye Kizungu kile limeandikwa nakhuda, bibi akacheka, "si nahodha huyo, wamuandike wapendavyo." Kama mtu hajawahi kusoma fantasia mwanzisheni na hiki.

Ushauri wa kununua: vya mitumba vya mjini angalieni kurasa kabla hamjalipa. Nililetewa kimoja kinene na muuzaji wa mtandaoni, nimefika katikati, kurasa thelathini na kitu hazipo, zimeng'olewa, na simu hapokei tena. Hicho ndicho cha pili kisichohesabika, siwezi kusimulia nisichokisoma.

Kobe_wa_Bamburi

Kuna kilichokushinda kusimulia kwa sababu ni kizito?

MwanaLeso

Karibu kinishinde. The Fifth Season cha N.K. Jemisin, 2015. Mfululizo huo wa vitatu ulichukua tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017, 2018. Ardhi ya kule haitulii, inapasuka, na kuna watu wanazaliwa na uwezo wa kuituliza au kuitikisa, na badala ya kushukuriwa wanachukiwa na kuwindwa. Sehemu moja inaandikwa kwa "wewe". Mama karudi nyumbani kamkuta mwanawe mdogo amekufa, na muuaji ni babake mtoto, na kitabu hakisemi "yule mama", kinasema wewe, wewe umeketi nae, wewe umemfunika.

Mie nkaona nisimulie vile vile kilivyoandikwa, nisikiharibu. Nkasema, "bibi, weye umeingia nyumbani mwako, ukamkuta mwanao..." Akaniwekea kiganja mdomoni. Mkono una nazi, naukumbuka ubaridi wake. Akasema, "usinambie mimi. Wanangu wazima, usiniapize." Kimya. Bibi amezika watoto wawili, mmoja kabla hajatimiza siku arubaini. Nlikuwa nalijua hilo na bado nilifungua mdomo.

Nkamwomba radhi, nkaiacha wiki. Ijumaa ya pili mwenyewe akauliza, "yule mama ilikuwaje?" Basi nkasimulia kwa "yule mama", toka mwanzo hadi mwisho, na akasikiliza yote. Nimefikiri sana kuhusu neno hilo moja. Kwa Kizungu kwenye karatasi, "wewe" ya Jemisin ilinivuta ndani nkaisifu kama ufundi. Kwa Kiswahili, mdomoni, mbele ya mtu unayemjua, sio ufundi tena, ni kitu kinachompiga mtu. Kitabu nilikuwa nimekipa alama zote kwenye daftari kabla ya hapo, lakini nimekielewa kwenye ule mkono.

Shosti_wa_Tudor

Subhanallah. Nimesoma hii mara tatu. Kilichobaki kwenye orodha?

MwanaLeso

Saba. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, mtu wa pwani yetu, Dzombo anahukumiwa afe kwa kurushwa angani kwenye chombo, hafi, anatua kwenye nchi nyengine, na hilo jina la nchi lisomeni pole pole mlitenganishe. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Bina-Adamu! ya Wamitila. Assassin's Apprentice cha Robin Hobb ambacho rafiki zangu wote wamekililia. Viwili sijaamua, kama kuna mtu ana pendekezo la Kiswahili lenye maajabu ndani alete hapa, hasa la waandishi wapya.

Na cha 12 kishajichagua. Juzi nimerudi kazini mapema, nasikia bibi barazani anazungumza na mama jirani. Nkasimama nje ya mlango. Anasimulia Ged. Lakini Ged wake kazaliwa Faza, anachunga mbuzi, mashua yake imetiwa macho mbele, na ile shule ya wachawi ameiweka Siyu, kwa sababu, akamwambia jirani, Siyu ndiko walikokuwa wanazuoni. Kivuli kinamfuata kupita mkanda wa Lamu kisiwa baada ya kisiwa. Jirani akawa anaitikia ehee, ehee. Alipofika pale Ged anageuza mashua akiandame kile kivuli kinachomwandama, bibi akashusha sauti, hata mie niliyekisoma mara mbili nkashikilia mlango.

Akamaliza. Jirani akauliza, baadae huyo kijana alikwenda wapi? Bibi akasema, "ngoja mjukuu wangu arudi, kitabu kingine anacho."

Kwa hivyo The Tombs of Atuan, kinachofuatia kile cha Ged, naanza kesho kwenye feri ya saa kumi na mbili na nusu.